Tulivyolinadi wazo la mradi wetu mara mbili

Mara ya kwanza tuliposimama mbele ya jopo tulikuwa na slaidi 23 na dakika tano za kuzungumza. Hiyo ni sekunde 13 kwa slaidi, na hapo hujameza mate. Tulikuwa watatu, mwaka wa mwisho, na mradi wetu ulihusu watu wanaofanya kazi chuoni usiku: walinzi, wasafishaji, fundi wa mitambo, yule wa maktaba anayefunga saa sita. Wazo lenyewe halikuwa baya. Ila katika slaidi zote 23, watu hao walionekana kwenye mbili tu. Nyingine zote tulijisifia vitu tutakavyotengeneza: aplikesheni ya simu, ramani ya chuo ya kubonyeza, filamu fupi sita, podikasti ya vipindi vinane.

Slaidi ya nne ndiyo tuliyoitegemea ituvushe. Ningefungua ukurasa wa mfano, na sauti za usiku zingeanza zenyewe, jopo lishtuke kidogo. Nikafungua. Kimya. Nikafungua tena. Kimya. Mtu akakohoa nyuma. Baadaye ndipo nilipojua kwamba vivinjari vingi, hasa tangu mwaka 2018, huzuia sauti inayojianzisha mpaka mtumiaji abonyeze kitu kwenye ukurasa. Kwa mwenzangu ilikuwa inalia kwa sababu aliwahi kuiruhusu kwenye mipangilio ya kompyuta yake, akasahau. Hatukuwahi kuijaribu kwenye mashine nyingine hata mara moja.

Lakini si kimya kile kilichotuangusha. Mwalimu mmoja wa jopo aliuliza, kwa upole kabisa, "Vyote hivi mnamtengenezea nani?"

Nikajibu, "Kila mtu, mwalimu."

"Nitajie mmoja."

Tukatazamana. Aliandika kitu, akafunga kalamu yake, na sisi tukapewa wiki mbili za kurudi na pendekezo jipya.

Usiku ule mwenzetu anayeshughulikia tovuti, mtu asiye na maneno mengi, alichukua karatasi akapiga hesabu ambayo tulipaswa kuipiga mwanzo. Watu watatu, saa 12 kwa wiki kila mmoja, wiki 12: jumla saa 432. Kisha akaandika tulichoahidi. Filamu sita kwa saa 60 kila moja, 360. Aplikesheni, kwa kukadiria kwa huruma, 400. Ramani 120. Podikasti, vipindi vinane kwa saa 20, 160. Akajumlisha: 1,040. Akaisukuma karatasi katikati ya meza, akaenda kulala.

Nilikasirika, nikiri tu. Aplikesheni ilikuwa wazo langu na nilikuwa nimeshaichorea nembo. (Ukijikuta unachora nembo kabla ya kuwa na kitu cha kuwekea nembo, jiangalie.) Asubuhi niliifuta mwenyewe, halafu ramani, halafu filamu. Podikasti ikabaki, lakini ikageuka: simulizi nne za sauti, kila moja dakika nne, kwenye ukurasa mmoja wenye picha moja kwa kila mtu. Hesabu mpya ikasimama hivi: saa 180 za simulizi, 60 za ukurasa, 40 za kuandika nakala ya maandishi ya kila simulizi, 30 za majaribio. Jumla 310. Saa 122 zilizobaki hatukuzipa kazi yoyote. Ziliandikwa "mambo yatakayoharibika", na jopo lilikuja kuuliza kuhusu mstari huo kuliko mistari mingine yote.

Karatasi ilikuwa sawa sasa, ila bado hatukuwa na kitu cha kusikilizisha. Kwa hiyo nikaazima kinasa sauti cha idara na kwenda kumtafuta mlinzi wa zamu ya usiku, mzee mmoja ambaye nilikuwa nampita kila siku kwa miaka mitatu bila kujua sauti yake ikoje. Siku ya kwanza nilikwenda na kamera pia. Nilipoiwasha tu, mzee akafunga kifungo cha juu cha shati, akanyoosha mgongo, akaanza kuongea kama msomaji wa taarifa ya habari. "Kazi yetu ni kuhakikisha usalama wa mali na watu." Basi. Picha zenyewe zilijaa chengachenga kwa sababu ya giza. Kesho yake nilirudi na kinasa sauti peke yake, nikabandika maikrofoni ndogo kwenye kola yake, na tukatembea.

Ana rundo la funguo kubwa kama ngumi. Linalia kila hatua, chwa, chwa, chwa, na anapofika mlangoni huligeuza bila kutazama na ufunguo unaotakiwa unakuja mkononi wenyewe. Anatikisa kitasa mara mbili, anaendelea. Nilikuwa na hedifoni masikioni, nafuata nyuma, natazama mshale wa kiwango cha sauti usivuke. Tulipokunja kona kuelekea mabweni, sauti ya funguo ikakatika ghafla. Nilidhani waya umechomoka. Nikatazama mashine: mshale unacheza, nyayo zake nazisikia, funguo hazisikiki. Nikainua macho nikaona amezikusanya zote ndani ya ngumi na kuzibana kifuani. Tukatembea hivyo hadi tulipolipita bweni la mwisho, kisha akazilegeza, zikaanza kulia tena.

Nikamuuliza, "Mzee, mbona ulizibana?"

"Hapo wamelala," akasema, kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua inalowesha.

Nilirekodi saa moja na nusu usiku ule. Kwa faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, la kilohezi 48 na biti 24, chaneli moja, saa moja inakula takriban megabaiti 518, kwa hiyo kadi haikuwa hata imejaa. Nilichokitaka kilikuwa cha sekunde 40. Nilinakili faili sehemu tatu kabla ya kulala: kompyuta yangu, diski ya nje ya mwenzangu, na hifadhi ya mtandaoni. Huo ndio utaratibu wa kawaida wa wahariri, nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa mbali na nyingine, na kwa mara ya kwanza katika masomo yangu niliufuata bila kulazimishwa.

Ridhaa tuliichelewesha, na hapa tulikosea. Mzee alikuwa amekubali kwa mdomo. Fomu tulimpelekea siku tatu baadaye. Akaisoma yote, polepole, kidole juu ya mstari. Akasema sauti yake itumike, jina lisitajwe, na hataki milango ya maabara itambulike kwa mpangilio, kwa sababu anayesikiliza kwa makini atajua ni wakati gani yuko mbali nayo. Hatukuwa tumeliwaza hilo hata kidogo. Tungekwenda kumnadi mlinzi kwa simulizi inayowaelekeza wezi.

Mambo ya haki za muziki yalitukuta vilevile tumelala. Kionjo cha video tulichotengeneza kwa uwasilishaji wa kwanza kilikuwa na wimbo wenye leseni ya Creative Commons, ile inayowaruhusu watu kutumia kazi ya mtu kwa masharti aliyoyaweka, na sisi kwa kuona tu maneno hayo tukadhani tumemaliza. Wimbo ule ulikuwa na herufi ND, maana yake huruhusiwi kusambaza kazi uliyoibadili, na kwa leseni hizo kuuoanisha muziki na picha zinazotembea kunahesabika kuwa ni kuubadili. Kionjo tulikitupa. Simulizi mpya haikuwa na muziki wowote. Funguo zilitosha.

Ukurasa tuliujaribu kwa karatasi kabla ya kuandika mstari mmoja wa msimbo wa kompyuta. Mwenzetu alichora skrini ya simu kwenye karatasi, picha ya mzee kwa penseli, kitufe cha pembetatu chini yake, na tukawakalisha wanafunzi watano mmoja mmoja. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua kasoro nyingi za tovuti, na kwetu hata hao watano walizidi. Wa kwanza alibonyeza picha. Wa pili alibonyeza picha. Wa tatu akabonyeza kitufe, nikafurahi. Wa nne akabonyeza picha, akasubiri, akanitazama. Wa tano picha. Tukaifanya picha nzima kuwa kitufe. Mabadiliko hayo yalichukua dakika moja na kifutio; kwenye ukurasa uliokwisha kujengwa tungebishana siku mbili. Pia mwanafunzi mmoja alituambia herufi za kijivu juu ya nyeusi hazisomeki. Tulipopima, uwiano wa mng'ao kati ya herufi na rangi ya nyuma yake ulikuwa chini ya 4.5 kwa 1, kiwango kinachotakiwa na WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, kwa maandishi ya kawaida. Tukazifanya nyeupe.

Hotuba niliiandika neno kwa neno, halafu nikajipima kwa saa. Nikisoma bila kukimbia natoa kama maneno 110 kwa dakika. Sekunde 40 za sauti zikitolewa, zilinibakia dakika nne na kidogo, yaani maneno chini ya 480. Rasimu yangu ilikuwa na 900. Nilichokata kwanza ni aya yote ya "umuhimu wa mradi". Niligundua kwamba kila sentensi humo ingeweza kuwekwa kwenye mradi wa mtu mwingine na isionekane ngeni.

Siku ya pili tulikuwa na slaidi sita. Tulifika nusu saa mapema, tukachomeka waya wa spika za ukumbini, tukajaribu sauti, na faili lilikuwa kwenye kompyuta yenyewe, si mtandaoni. Nilianza bila kusalimia. Nilifanya skrini iwe nyeusi, nikabonyeza.

Chwa, chwa, chwa. Kitasa mara mbili. Chwa, chwa. Kisha nyayo peke yake, muda mrefu kuliko unavyoweza kuvumilia. Mwalimu yule wa kalamu aligeuka kutazama spika, bila shaka akidhani tumeharibikiwa tena. Halafu funguo zikarudi, na sauti yangu, na ile ya mzee: "Hapo wamelala."

Nikasema, "Tunataka kuwasimulia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, waliolala, kuhusu watu wanne waliokuwa macho." Sentensi hiyo ilituchukua siku nne. Kisha nikaonyesha karatasi ya saa 432, nikataja tulivyovikata na sababu ya kila kimoja, mwenzangu akaeleza ukurasa, wa tatu akaeleza ridhaa. Tulimaliza na sekunde 20 mkononi.

Maswali yalikuwa magumu, ila safari hii yalikuwa ya kazi. Kwa nini msitumie video? Nikasimulia kifungo cha shati. Mtu wa nne akikataa? Tutabaki na watatu, ukurasa hauna nafasi zilizohesabiwa. Na asiyesikia atapata nini? Nakala ya maandishi, ikiwemo mahali ambapo funguo zinanyamaza, maana kimya nacho lazima kiandikwe. Swali hilo la mwisho lilikuwa zuri kiasi kwamba nilitamani tungeliuliza sisi.

Mwalimu wa kalamu alisubiri wenzake wamalize. "Mlinzi mwenyewe ameisikia hii?"

Hapana, hajaisikia.

Basi wakatupitisha kwa masharti mawili: simulizi ziwe tatu badala ya nne, na kila mhusika aisikilize yake kabla ya mtu mwingine yeyote.

Jioni ile tukamfuata mzee kwenye kibanda chake. Nikamvalisha hedifoni, nikabonyeza. Alisikiliza akitazama chini, vidole vikigonga goti kwa mwendo wa hatua zake mwenyewe. Ilipokwisha aliomba arudie. Akarudia. Akazivua, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Baada ya bweni kuna milango minne," akasema. "Hapa mmeweka mitatu."

Mwenzangu mhariri akanitazama. Alikuwa ameukata mmoja ili sekunde zitimie 40. Nikafungua begi, nikatoa kinasa sauti, na mzee akachukua funguo zake mezani.