Mikono Mitupu Likoni

Basi la kwenda Mombasa lilitoka Tanga alfajiri. Horohoro tukagongewa pasi, na tulipoiacha Lunga Lunga nikatoa rozari mfukoni. Ilikuwa Ijumaa, siku ya Matendo ya Uchungu, yale mafungu matano ya rozari ya kutafakari mateso ya Yesu. Kusali ndani ya basi kunataka moyo mgumu: ukifika Salamu Maria ya saba, utingo anaita "Msambweni washukao!", jirani anakupitishia mtoto ili ateremshe mizigo, nawe hujui tena umefika punje ya ngapi. Tendo la tano nililimaliza Waa.

Nilikuwa nakwenda kuwaona wenzetu wa Lejio ya Maria, chama cha kitume cha waumini Wakatoliki. Niseme mapema kwamba hii si Legio Maria, kanisa lililojitenga na Wakatoliki kule Nyanza miaka ya 1960. Ukiwa Kenya, usipofafanua, watu huelewa hilo la pili. Lejio yetu ilianzishwa Dublin mwaka 1921 na Frank Duff, mtumishi wa serikali. Kila wiki kuna mkutano. Kila siku kuna Katena, sala ambayo kiini chake ni utenzi wa Bikira Maria, "Moyo wangu wamtukuza Bwana". Tena kila wiki kuna kazi ya saa mbili hivi ya kuwaendea watu, na waendao huenda wawili wawili. Kikundi chetu cha Tanga kilikuwa kimebaki na mkutano na sala. Kutembea tulikuwa tumewaachia masista.

Mombasa nilikuwa na sababu yangu ya kuichagua. Hapa ndipo aliposhuka melini Edel Quinn mwaka 1936, binti wa Ireland mwenye umri wa miaka 29, aliyekwisha kuugua kifua kikuu. Kwa mapafu yale angeweza kubaki kwao na kusali kitandani, wala asingelaumiwa na mtu. Yeye alizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland mpaka Mauritius akianzisha vikundi, hadi akafariki Nairobi Mei 1944. Mwaka 1994 Kanisa lilitambua kwamba aliziishi fadhila za Kikristo kwa namna ya kishujaa.

Likoni tuliteremka basini tukaingia feri kwa miguu, bure kama ilivyo kawaida kwa waendao kwa miguu. Ilikuwa saa sita na kitu. Nikaanza Malaika wa Bwana, sala yetu ya adhuhuri, kwa sauti ya chini, na kabla sijamaliza adhana ya Ijumaa ikaja juu ya maji kutoka pande zote mbili. Nikaongeza sala moja kwa ajili ya watu 272 waliokufa feri ya Mtongwe ilipozama, Aprili 1994, hapo hapo kwenye mkondo wa Kilindini.

Nililala kwa binamu yangu Majengo. Jumamosi nikawahi Misa ya asubuhi katika Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, lile la minara miwili barabara ya Nkrumah. Muda ulikuwepo, nikashuka kwa miguu hadi Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, nao watawa Waagostino wakawa na nyumba yao mjini. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, waliyemlea Goa na kumbatiza Dom Jerónimo, aliwageukia. Kapteni wa ngome akauawa, na Wakristo wengi waliokataa kuiacha dini yao wakafa. Nawaheshimu mashahidi wale. Lakini ukiitazama mizinga ile unaelewa kwa nini imani iliyoingia nayo haikushika mizizi. Ngome ilipoangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698, kazi ile ilikwisha.

Saa tatu nilikuwa Likoni tena. Wanalejio wa pale wakanipangia kutembea na mama mmoja mtu mzima, mwenye kanga na viatu vya raba, anayetembea kama anayedaiwa. Njiani nikasimama kwenye kibanda ninunue machungwa.

"Ya nani hayo, baba?"

"Ya mgonjwa, mama."

"Weka. Lejio hatupeleki kitu."

Kanuni hiyo naijua: Lejio haitoi msaada wa vitu. Chakula na kodi ya nyumba ni kazi ya Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo na Karitasi, ili mlejio aweze kubisha hodi kwa tajiri na kwa maskini bila yeyote kutazama mkono wake. Kuisoma ni rahisi. Lakini mtu wa pwani kuingia kwa mgonjwa mikono mitupu! Marehemu mama yangu angenirudisha mlangoni. Nilimwambia hivyo. Akacheka, akaendelea kutembea.

Mzee tuliyemwendea alikuwa kuli bandarini mpaka alipopooza upande mmoja. Anaishi chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili yenye wapangaji wengi, na bomba la uani lilikuwa kavu. Maji yaliuzwa kwa mkokoteni, dumu kwa dumu, lakini mwenye mkokoteni hafiki kwenye vichochoro vile. Basi kazi yangu ya kitume ikawa hiyo: kubeba madumu mawili ya lita 20 kutoka barabarani. Mama akampasulia mzee kuni, akamkata kucha, akafagia. Sala haikutajwa bado.

Tulipokaa, mzee ndiye aliyeitaka. Akaingiza mkono mzima chini ya mto, akatoa karatasi ya sala za Lejio iliyolegea kwenye mikunjo. Kumbe naye ni mlejio, mwanachama msaidizi. Wasaidizi hawatoki na hawahudhurii mikutano. Wajibu wao ni kusali sala zote za Lejio, pamoja na rozari, kila siku.

"Nyinyi mwatembea, mimi nasali," akaniambia. "Jumamosi ile mvua ilinyesha hamkuja, niliwauliza sala zangu zilikwenda wapi."

Mama akainamisha kichwa kama aliyekemewa na mkubwa wake wa kazi.

Jirani wa chumba cha pili, Mwislamu, alitusubiri tumalize rozari ndipo akaingia na mahamri, mbaazi za nazi na chai ya tangawizi. Hakuuliza kama kanuni inaruhusu. Mimi niliyekatazwa machungwa nikala mahamri manne.

Jumapili alasiri nilikaa kwenye mkutano wao. Sanamu ya Bikira Maria mezani, maua, mishumaa miwili, rozari, kisha taarifa za kazi. Mama alieleza ziara yetu kwa sentensi chache, bila jina la mgonjwa, naye katibu akaandika: mgonjwa mmoja, rozari, maji madumu mawili. Wakapita kwa wengine. Hakuna aliyepigiwa makofi, na nilipenda hivyo.

Tanga tumepanga kuanza na wodi za hospitali ya Bombo. Mwenzangu ni fundi cherehani wa Ngamiani, na ameshaniuliza kama walau machungwa mawili yanaruhusiwa. Nimemwambia achukue ndoo.