Kitale wamepata ndege, Lodwar wamepoteza asubuhi

Ujumbe uliingia kwenye kundi la mawakala saa nne usiku, na chini yake faili ya ratiba mpya. Shirika moja ambalo ndege zake zinalala hapa Wilson, uwanja mdogo wa ndege wa Nairobi, linaanza safari za Kitale, mara nne kwa wiki. Kulipokucha tangazo lilikuwa limeshasambaa kwenye simu za watu: picha ya ndege, nauli ya kuanzia kwa maandishi makubwa, na watu wa Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, wakipongezana. Nilifurahi pamoja nao. Mtu wa Kitale amezoea kushukia Eldoret kisha kutafuta matatu na kumalizia safari barabarani. Ndege hii ni haki yake.

Kazi yangu ni kuuza tiketi, ofisi yangu ndogo iko Nairobi West, kwa hiyo nilichokifungua kwanza ni ile faili. Huwa naweka ratiba ya zamani upande mmoja wa meza na mpya upande wa pili, nashuka mstari kwa mstari na kalamu nyekundu. Kwenye ukurasa wa pili nikakuta kwamba ndege ya Lodwar, kule Turkana, ya saa moja kasorobo asubuhi haipo tena katika siku hizo nne. Sasa inaondoka saa tano kasoro dakika kumi, inapitia Kitale, inateremsha na kupakia, halafu inafika Lodwar saa saba mchana.

Na ile saa moja kasorobo? Imepewa Diani, kule pwani.

Hili halikuandikwa kwenye tangazo, na wala sisemi kuna aliyeficha kitu. Lakini ndivyo biashara hii inavyokwenda, na abiria wengi hawajaelezwa. Shirika lenye ndege nne likitangaza njia mpya na bado lina ndege nne, saa za njia hiyo zimetoka kwa mtu. Ndege ni kama matatu, ikiegeshwa haiingizi kitu, kwa hiyo hakuna ndege iliyokuwa imekaa tu ikisubiri Kitale. Ile ile Dash 8 ya viti 37 iliyokuwa ikienda Lodwar alfajiri sasa inakwenda Diani kwanza, inarudi Wilson kabla ya saa nne, inatiwa mafuta, ndipo inaelekea kaskazini ikiwa imebeba miji miwili kwa safari moja.

Sababu ya Diani naielewa. Julai watalii wanamiminika, nyumbu wako Mara, na wengi wakimaliza Mara wanataka bahari. Wanalipa nauli ya juu, wengine kwa dola. Mafuta ya ndege yanafuata bei ya dola, vipuri vinalipwa kwa dola, na ndege nyingi ni za kukodi kwa dola hizo hizo. Meneja anayepanga ratiba anaangalia kiti cha Diani na kiti cha Lodwar na hesabu inamwelekeza. Simlaumu. Ninachotaka aone ni mtu aliye kwenye kile kiti cha Lodwar.

Baada ya kusoma faili nilifungua daftari langu la kaunta, nikaanza kupigia simu wateja wenye tiketi za wiki za mbele. Wa tatu alikuwa Mama Ekai. Anakuja Nairobi kwa tarehe za kliniki, na ninamkatia tiketi kwa pesa ambazo wanawe wanachanga kwa M-Pesa, huyu mia tano, yule elfu moja, mpaka nauli itimie. Kila akija ananiletea samaki wa kukausha wa Ziwa Turkana, wamefungwa kwenye karatasi halafu kwenye kitambaa, kwa sababu anajua kilo zake za mzigo ni 15 na hataki kulipia ziada.

"Umeniwekea ile ya asubuhi?" akaniuliza kabla sijasema neno.

"Ya asubuhi imeondolewa, mama. Sasa ni ya mchana. Utafika Wilson saa tisa."

Akanyamaza kidogo. "Daktari anaondoka saa nane, mwanangu. Saa tisa nitamkuta nani?"

Sikuwa na jibu. Kwa ratiba ya zamani ndege ilikuwa ikimfikisha Wilson saa nne na dakika chache, anachukua teksi, anamwona daktari siku hiyo hiyo, analala kwa mpwa wake, na kesho yake alfajiri yuko hewani kurudi nyumbani. Usiku mmoja. Sasa atafika kliniki imefungwa, atalala, kesho yake atashinda hospitali huku ndege ya kurudi ikiondoka saa tano bila yeye, atalala tena. Mpwa wake ana chumba kimoja na watoto watatu. Usiku wa pili utakuwa wa chumba cha kulipia River Road, na chakula, na teksi nyingine. Nauli haikupanda hata shilingi, lakini safari imekuwa ghali kwa mgonjwa kuliko kama nauli ingepandishwa.

Mtu anaweza kusema apande basi. Basi la Lodwar linapita Kitale, Kapenguria, Kainuk, Lokichar. Barabara imetengenezwa kuliko zamani, nakubali, lakini ni mamia ya kilomita, usiku kucha na sehemu ya mchana, na Kainuk imetajwa kwenye habari za majambazi mara nyingi mno. Mgonjwa aliyetoka kupigwa sindano za matibabu hakai kwenye kiti cha basi muda wote huo.

Kuna jambo jingine kuhusu asubuhi ambalo nimelijua kwa kukaa na marubani pale kantini ya Wilson. Wilson iko juu, karibu mita 1,690 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na jua likipanda inazidi kuwa nyepesi: bawa linapata kazi zaidi, injini inapungua nguvu, ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Njia ndefu ya kurukia pale haifiki mita 1,600, wakati ile ya JKIA, uwanja mkubwa wa Nairobi, imepita 4,000. Ndiyo maana joto likizidi rubani anapunguza uzito. Inaanza mizigo, na siku mbaya inafuata abiria. Kitale iko juu zaidi, karibu mita 1,850, na kwa ratiba hii ndege itakuwa inaondoka kule saa sita adhuhuri. Lodwar iko chini lakini joto lake la saa saba kila aliyewahi kushuka pale analikumbuka miguuni. Juu ya Bonde la Ufa hewa ya mchana inachemka, ndege inarushwarushwa. Wateja wangu wazee wanaiogopa safari ya mchana kwa sababu hiyo tu.

Asubuhi nayo ina shida zake. Julai na Agosti Nairobi inafunikwa na mawingu mazito yanayokaa chini, na kuna siku Wilson yote inasubiri mpaka yainuke. Hapo ndipo kufunganisha safari kunapouma. Ndege ya Diani ikichelewa saa moja na nusu kwa mawingu, Kitale imechelewa, na Lodwar imechelewa zaidi. Viwanja vingi vidogo vya ndani havina taa, lazima utue na kuondoka jua likiwapo, na marubani wana ukomo wa saa za kazi kwa siku. Mwisho wa mnyororo huo ndio unaofutiwa safari. Katika ratiba hii mwisho wa mnyororo ni Lodwar.

Nimeona njia zikizaliwa na nyingine zikifa, na wazee wa Wilson wana hadithi ndefu zaidi. Wanaikumbuka Lokichoggio, kule Turkana mpakani, ilivyokuwa tangu 1989 ndege za misaada ya Sudan ya kusini zilipoanza kujazana pale mchana kutwa. Amani ilipotiwa saini 2005, kazi ikahamia Juba kidogo kidogo, na mji ule ukabaki na uwanja mkubwa na ndege chache. Njia ya ndege inafuata anayelipa. Hata uwanja huu wa Wilson jina lake limetokana na biashara: Florence Kerr Wilson alifungua kampuni yake ya ndege Nairobi 1929, vita vikuu vya pili vikaimaliza, na uwanja ukaja kupewa jina lake 1962.

Kwa hiyo msomaji wangu, ukiona tangazo la njia mpya, furahi, halafu tafuta ratiba nzima. Angalia saa ya kurudi kabla ya saa ya kwenda. Njia inayokufikisha Kisumu saa nne asubuhi haimsaidii wakili ambaye kesi yake inaitwa saa tatu, hata kama ni safari ya dakika hamsini na nauli ni ya kutupwa. Uliza kama ndege ni ya moja kwa moja au inapitia mahali. Na ukipokea ujumbe kwamba saa ya safari yako imebadilishwa, usibonyeze kukubali kabla hujafikiri. Mashirika mengi yakisogeza safari kwa saa nyingi yanakuruhusu kubadilisha tarehe bila malipo au kudai nauli yako, lakini ukishakubali saa mpya umeshamaliza maneno. Kwa Mama Ekai sikukubali saa mpya. Nimemsogezea tarehe hadi Ijumaa, siku ambayo ile ya asubuhi bado ipo, na mpwa wake ameenda kuomba kliniki imbadilishie.

Lakini siwezi kuwahamishia wote Ijumaa. Kwa hiyo nimekaa na kalamu na karatasi nikapiga hesabu. Ndege iondoke Wilson saa moja kasorobo kwenda Kitale, iingie kabla ya saa mbili, iwe Lodwar saa tatu kasoro dakika chache, irudi Wilson saa tano kasorobo. Ndipo iende Diani saa tano na robo. Mfanyabiashara wa Kitale naye atapata asubuhi badala ya adhuhuri, na ndege itaruka kutoka Kitale hewa ikiwa bado ya baridi, kwa hiyo haitaacha mizigo ya watu. Mtalii wa Diani hatapungukiwa na kitu: hoteli nyingi za pwani hazimpi mgeni chumba kabla ya saa nane mchana, na anayeondoka hatakiwi kukimbia kabla ya kifungua kinywa. Ndege ni ile ile, safari ni zile zile, mafuta ni yale yale.

Barua nimeshaipeleka kwa meneja wa mauzo, na hesabu hiyo nimeiambatisha. Nimeomba angalau Jumatatu na Jumatano, siku ambazo wateja wangu wengi wana kliniki. Amenijibu kwa adabu kwamba ratiba ya sasa imeshauzwa hadi Oktoba, na kwamba watapanga upya ile inayoanza Jumapili ya mwisho ya mwezi huo, ratiba za dunia nzima zinapobadilika. Upangaji unaanza Agosti. Ukiwa unasafiri njia ya Lodwar, au una mzazi anayesafiri, mwandikie na wewe kabla ya hapo. Taja siku unayosafiri, taja saa unayohitaji kufika, na useme unafuata nini Nairobi.