Tangi lililomwaga maji usiku kucha

Wiki nzima tangi letu hapa Mwanga, Kigoma, lilikuwa likimwaga maji usiku, presha ya bomba inapopanda. Fundi akasema ninunue boya jipya, lile tufe linaloelea na kufunga koki tangi likijaa. Nikapanda mwenyewe. Nikalitikisa boya: halina maji ndani. Nikauinua mkono wake mpaka juu kabisa; maji yakaendelea kuchuruzika. Basi shida si boya, ni koki yenyewe. Nikafunga maji, nikachomoa pini, kipistoni, kile kinachosukumwa na mkono kuziba tundu la maji, kikatoka na washa yake ya mpira: imechimbika duara katikati, chembe ya mchanga imenasa humo kama jino. Nikaigeuza upande mzima, nikasafisha tundu, nikarudisha. Kimya. Jirani yangu, aliyezoea kukinga ndoo zake pale alfajiri, ndiye pekee aliyenung'unika.