Mikimbio 13 ya Redfern

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la juma hili ni fupi, Zaburi 90:12: "Basi, utujulishe kuzihesabu siku zetu, tujipatie moyo wa hekima." Mnalijua. Husomwa karibu kila msiba, na mimi nimelisikia mara nyingi nikiwa na karatasi mkononi, maana mtaani kwetu mimi ndiye mwandishi wa historia za marehemu. Mtu akifariki, jioni ya pili naitwa, navutiwa kiti, naanza kuuliza: alizaliwa lini, alisoma wapi, aliajiriwa mwaka gani, ameacha watoto wangapi na wajukuu wangapi. Kwenye wajukuu ndipo ugomvi huanza. Niliwahi kuona mabinti wawili wa marehemu wakibishana robo saa nzima kama ni 17 au 19, na mama yao ameinamisha kichwa tu.

Kwa hiyo niliposoma habari za Arthur Collins, mvulana wa Kiingereza aliyecheza kriketi zamani, kilichonishika kwanza hakikuwa mchezo wake. Ni karani aliyeandika hesabu za mechi yake.

Collins alizaliwa Agosti 1885 huko Hazaribagh, India, baba yake akiwa jaji katika utumishi wa Waingereza. Alipoanza Clifton College, shule ya mjini Bristol, alikuwa ameshafiwa na wazazi wote wawili. Juni 1899, akiwa na umri wa miaka 13, aliingia uwanjani kwenye mechi ya vijana wadogo wa shule, mabweni kwa mabweni, jambo ambalo kwa kawaida hata mwalimu wa zamu hulisahau kabla ya chakula cha jioni. Timu yake ilikuwa Clark's House, wapinzani wao North Town.

Kriketi wengi wetu tunaijua kwa kuipita njiani. Mara ya mwisho tuliishangilia kwa pamoja ilikuwa 2003, Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia, na hata siku hiyo nadhani nusu ya washangiliaji hawakujua wanashangilia nini. Basi nieleze kidogo. Wapigaji husimama wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja upande wake. Mpira ukipigwa wanakimbia kupishana, na kila kupishana kunahesabiwa mkimbio mmoja. Mmoja akitolewa, mwingine anaingia, hadi watolewe kumi. Yule wa kumi na moja aliyebaki, hata kama bado ana nguvu za kupiga mpaka kesho kutwa, naye anatoka. Hana mwenzake tena. Mbele ya jina lake huandikwa kwamba hakutolewa.

Collins alishinda kura ya sarafu, akachagua kupiga. Alipiga alasiri ya Alhamisi tarehe 22, akapiga Ijumaa, akapiga Jumatatu, akapiga Jumanne. Jumla ni saa sita na dakika hamsini. Uwanja wenyewe ulikuwa wa ajabu: upande mmoja ukuta uko karibu, mpira ukifika huko unapewa mikimbio miwili tu, upande wa pili ni mteremko mrefu, na lazima mkimbie kila mlichopata. Mara kadhaa alipiga mpira ambao wapinzani wangeudaka angetolewa, wakauangusha, watoto wenzake hao, mikono midogo. Habari zikasambaa mjini, watu wakaanza kuja kutazama. Mpigaji wa mwisho wa upande wake alipotolewa, Collins alikuwa bado amesimama na mikimbio 628. Dunia ilikuwa haijawahi kuona hesabu ya namna hiyo kwa mtu mmoja.

Sasa karani. Aliitwa Edward Peglar, na inasimuliwa kwamba alipoulizwa alisema ni 628, tuseme labda ishirini zaidi au pungufu.

Nilicheka peke yangu, kisha nikageuza bahasha ya sadaka nikajumlisha, maana mgawanyo upo: mikimbio ya mmoja mmoja 87, ya miwili miwili mara 146, ya mitatu mara 33, ya minne mara 31, ya mitano mara nne, na ya sita mara moja. Imetoka 628 barabara. Karani alikuwa mwaminifu kuliko alivyojisemea, au alijua kupanga namba zake zikapangika. Mimi najua kalamu inavyoweza kuwapatanisha mabinti wawili kwa kuandika wajukuu 18.

Rekodi hiyo ya 628 ilidumu zaidi ya miaka 116. Januari 2016, kijana wa shule karibu na Mumbai, Pranav Dhanawade, mtoto wa dereva wa bajaji, alipiga 1009, naye pia hakutolewa. Rekodi ya mtoto aliyezaliwa India ikarudi India.

Baada ya shule Collins alienda chuo cha kijeshi cha Woolwich, akawa ofisa wa wahandisi wa jeshi mwaka 1904, akatumikia India. Hakuwahi kucheza kriketi ya daraja la kwanza hata siku moja. Alibaki mchezaji wa ridhaa, wa mechi za jeshi na za likizo. Majira ya kuchipua ya 1914 alimwoa Ethel Slater. Agosti Vita Kuu ya Kwanza ikaanza.

Tarehe 11 Novemba 1914, karibu na Ypres nchini Ubelgiji, walinzi wa mfalme wa Prussia, askari wa Kijerumani, walishambulia. Kapteni Collins alikuwa kwenye handaki na watu wake wa kampuni ya tano ya wahandisi. Ubavu mmoja wa handaki ulikuwa wazi. Aliuawa akiwapungia mkono wenzake ili waje watu zaidi kuuziba ubavu ule. Alikuwa na miaka 29, na ndoa haijatimiza mwaka. Februari 1917 mdogo wake Herbert naye aliuawa katika vita hiyohiyo. Na tarehe ile ya 11 Novemba, ikatokea kwamba miaka minne kamili baadaye ndipo bunduki zilinyamaza Ulaya.

Kaburi lake halijulikani. Jina lake limechongwa kwenye Lango la Menin pale Ypres, pamoja na majina zaidi ya 54,000 ya waliopotea bila kaburi. Kila jioni saa 2 usiku magari husimamishwa chini ya lango na tarumbeta hupigwa. Lango hilo lilifunguliwa 1927.

Mwaka huohuo wa 1927 ndipo ilipozinduliwa Sanamu ya Askari, pale katikati ya Dar es Salaam, kwa ajili ya vita hiyohiyo. Ukipita hapo shuka kwenye daladala uizunguke. Utasoma maneno ya Kiswahili, utaona bunduki na singe. Jina la mtu hulioni. Wapagazi wetu waliobeba risasi na unga kutoka Mombasa hadi Rufiji, wale ambao Kariakoo imebaki na jina la kikosi chao, walikufa kwa maelfu mengi kwa njaa, kuhara na homa, na wengi wao hakuna aliyewaandika popote. Sisemi hili ili tumwonee wivu Collins kwa mstari wake wa jiwe. Yatima yule anastahili mstari. Ila mwandishi wa historia za marehemu hawezi kupita hapo asisimame.

Nirudi kwenye Zaburi. Kichwa chake kinasema ni maombi ya Musa, na Musa alikuwa mtu anayejua kuhesabu: alihesabu makabila, alihesabu fedha za hema. Hapa haombi afundishwe kuhesabu watu wala ushindi. Anaomba siku. Na Musa huyuhuyu kuna siku moja, Kutoka 17, Yoshua akipigana na Amaleki bondeni, yeye alikuwa juu ya kilima ameinua mikono. Ikachoka. Wakamletea jiwe akae, Haruni na Huri wakaishika, mmoja upande huu na mmoja upande huu, hadi jua likachwa. Mtu akiandika historia ya siku ile ataandika Yoshua alishinda. Akiwa makini ataongeza Musa. Huri yeye alifanya nini? Alisimama upande wa pili.

Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye msiba wa mzee mmoja, fundi cherehani. Nilimaliza maswali yangu yote: kuzaliwa, kipaimara, ujumbe wa baraza la wazee, vyeti. Mjane wake alikuwa kwenye mkeka, amejitanda khanga hadi puani. Akanyanyua uso akaniambia, "Andika alikuwa ananishikia taa, mwanangu." Nikamuuliza taa gani. Akasema alikuwa akikaanga maandazi ya kuuza, anaamka saa tisa usiku kukanda unga, na kabla ya umeme kufika mzee alikuwa anaamka naye, anashika koroboi juu ya karai ili mafuta yasimrukie. Anasinzia wima, taa inainama, anamgusa kwa kiwiko, inainuka. Nikamuuliza kwa miaka mingapi. "Sikuhesabu."

Kijana wao mkubwa akasema hilo si la kusoma mbele ya watu, mchungaji ana haraka. Nikakubali. Ukurasa ulikuwa umejaa vyeo, nikaliacha. Hadi leo nikisoma Zaburi 90 naiona ile koroboi, na najua ni mimi niliyeiacha nje.

Clark's House walimaliza na jumla ya mikimbio 836. Toa 628 za Collins: wenzake wote kumi, pamoja na ile ya ziada inayotolewa bure, ni 208. Ndiyo maana watu husema mvulana yule alicheza peke yake. Lakini tazama mpigaji wa mwisho. Wa mwisho kuingia huwa ni yule asiyejua kupiga, anayefunga vitambaa vya miguuni akijua atavifungua baada ya dakika mbili. Timu nzima imeshatoka. Akitolewa yeye, Collins naye ameisha. Aliitwa Redfern. Wawili hao waliongeza mikimbio 183 wakiwa pamoja. Kila Collins alipoupiga mpira kwenye ule mteremko, palikuwa na miguu mingine inayokimbia kutoka upande wa pili, inapishana naye katikati, inageuka, inarudi. Karani hakuwa na safu ya kuandika miguu hiyo. Aliandika alichoweza, na bado kipo kwenye daftari chini ya majina mengine yote: Redfern, 13.