Siku moja maishani mwangu: mpishi anayekimbia kwenda kazini Shela

Saa 11:15 alfajiri

Nimeshaswali. Mezani pana kibakuli cha tende na gilasi ya maji. Nala tende tatu, nakunywa maji, nafunga kamba za raba. Chai ya maziwa itaningoja kazini.

Anayetaka kuanza kukimbia huulizia viatu kwanza, kisha pumzi. Mimi nikiulizwa, na siku hizi naulizwa sana, huanza na tumbo. Usiku kucha ini limekuwa likitoa akiba yake ya sukari kuulisha mwili uliolala, kwa hiyo alfajiri akiba hiyo imepungua. Wako wanaokimbia hivyo hivyo na wasione taabu. Mimi hushikwa na kizunguzungu. Tende ni sukari iliyo tayari, hailemei, na kwetu Amu, yaani Lamu, haikosekani hata Ramadhani ikiwa mbali.

Saa 11:35

Kutoka mtaa wetu wa Langoni, mjini Lamu, hadi kijiji cha Shela kwa njia ya ufuoni ni kama kilomita tatu. Leo mwezi ni nusu, maji ni mafu, hayajai wala kupwa sana, nayo yamekupwa tangu usiku na njia ni kavu. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ni habari nyingine: maji hujaa karibu na alfajiri, njia hufunikwa mahali mahali, nami huenda kupanda boti kama watu wengine. Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu kwamba nakimbia Jumatatu na Jumatano. Maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku, na ratiba yangu huchelewa nayo.

Nilianza kwa kukimbia dakika moja na kutembea mbili. Sasa nakimbia tano, natembea moja. Mwendo unaofaa ni ule unaokuruhusu kusema maneno ya kueleweka huku unakimbia, na kwa kipimo hicho Lamu haina mfano: kila hatua pana mtu wa kusalimiwa. Usipoitikia umekosa adabu, ukiitikia kwa kuhema umeumbuka.

"Sabalkheri, mwanangu. Wamkimbia nani?" Ni mzee anayeshona nyavu karibu na maji.

"Sabalkheri, ami. Naikimbia sukari."

Anacheka, ila mimi sikutania. Mama ana ugonjwa wa sukari, na khalati, dada yake, pia. Misuli ikifanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu, na ndiyo sababu madaktari hawachoki kuwahimiza watu watembee. Mgeni akipita hapa na kaptura yake hapana anayemwuliza anamkimbia nani. Mimi na suruali, dera na mtandio nilioubana kwa pini, nauliziwa na mtaa mzima. Sijali. Wanaouliza leo ndio wanaonitaka ushauri wiki ijayo.

Vijana wa gati wao wameshanipa jina: "Kipyegon!" Faith Kipyegon amechukua dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki tatu mfululizo, Rio, Tokyo na Paris, na mbio hizo anaweza kuzimaliza chini ya dakika nne. Mimi dakika nne nimeshazimaliza kwa kuwapisha punda wenye mizigo ya mawe.

Saa 12:20 asubuhi

Nimefika. Naoga, nabadilisha nguo, naingia jikoni. Unga wa mahamri ulikandwa kwa tui jana usiku, umeshaumuka. Mbaazi ziko motoni. Wageni wa leo ni wanane na wote wanataka mahamri, kwa hiyo saa nzima inayofuata niko mbele ya karai.

Naipenda hamri kuliko kitu chochote kilichokaangwa, lakini si chakula cha kukimbilia. Mafuta hukawia tumboni, na ukianza mbio nayo utaisikia mpaka kooni. Baada ya kukimbia ni halali yako. Wageni wakishahudumiwa nakaa na mawili, bakuli la mbaazi za nazi na chai. Hamri hurudisha nguvu, mbaazi hutengeneza misuli. Wakimbiaji wa bara hupata hayo hayo kwa ugali na chai ya maziwa yenye sukari.

Saa 4 asubuhi

Hii ndiyo saa yangu. Vyombo vimeoshwa, samaki wa mchana hajaletwa, na kinu kiko wazi.

Vidonge vyangu vya tende, vya kubeba mbioni, viko hivi. Chukua vikombe viwili vya tende laini, toa kokwa. Kaanga kikombe kimoja cha njugu bila mafuta, zimenye, zitwange zikiwa bado na chenga. Tia tende, iliki na robo kijiko cha chai cha chumvi, kisha endelea kutwanga mpaka vishikane. Finyanga vidonge vya kutosha tonge dogo, vigaragaze kwenye ufuta uliokaangwa. Havina sukari ya kuongeza, na ukishakaanga njugu na ufuta unaweza kuzima jiko. Ukivitia kwenye kopo lenye kifuniko vinakaa siku kadhaa bila tatizo.

Kashata za nazi ni tamu zaidi, sibishani na mtu. Lakini kwa joto hili nazi mbichi huchacha upesi, na ukiibeba mfukoni itakupaka mafuta. Kashata ni ya sebuleni.

Jambo ambalo wanaoanza hawapendi kuambiwa: mbio za chini ya saa moja hazihitaji kutafuna kitu njiani. Maji yanatosha. Ukipita saa moja ndipo mwili hutaka gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa, na ndizi moja ya kiasi ina kama 25. Kukimbia nusu saa kisha kumaliza kopo la vidonge ni kurudisha ulichotoa, na faida juu yake.

Saa 7 mchana

Wali wa nazi, samaki wa kupaka, kachumbari. Jua kali. Hakuna anayekimbia.

Saa 10 jioni

Maji yamekupwa tena. Mwenzangu wa jikoni ndiyo anaanza, kwa hiyo leo namsindikiza tu: dakika moja mbio, mbili mwendo. Ufuo wa Shela una urefu wa kama kilomita 12, na uzuri wake humponza mtu. Mchanga mkavu wa juu huchosha vifundo, basi tunashuka kwenye ule mgumu ulioachwa na maji. Na huu ni msimu wa kaskazi. Kwenda, upepo unakusukuma mgongoni ukajiona hodari. Kurudi, unakupiga usoni. Namgeuza mapema, ananung'unika. Tukianza kurudi ananyamaza.

Nimebeba chupa ya maji ya ukwaju yenye sukari kidogo na chembe za chumvi. Yeye amenunua dafu. Dafu ni zuri, lina potasiamu tele, ila chumvi yake ni ndogo, na jasho la Lamu linatoka na chumvi nyingi. Anaonja ukwaju, anakunja uso, kisha anaimaliza chupa.

Saa 1:30 usiku

Nimerudi kwa boti. Magharibi imepita, mama yuko barazani, na kopo la vidonge liko mapajani mwangu kwa sababu nikiliweka mezani halitafika asubuhi.

"Hivyo vya kukimbilia?"

"Ndiyo, mama."

"Nami nikikimbia nitapewa?"

Namwambia aanze kwa kutembea. Ananiuliza hadi wapi. Nasema hadi gatini na kurudi. Anasema gati ni mbali kwa kidonge kimoja, anataka viwili. Tumebishana mpaka isha, tukakubaliana: kesho magharibi tunakwenda pamoja, taratibu, na kidonge ni kimoja, nusu yake na nusu yangu.