Pesa ya projekta imerudi, na rula ya mtoto ndiyo iliyoirudisha

Jumanne asubuhi nilikuwa nafagia kibanda, simu ikalia. Ujumbe wa benki: pesa ya projekta imeingia. Niliketi kwenye benchi nikausoma mara tatu. Karibu miezi minne watu wa mtaa wetu wa Oli wamekuwa wakiniambia, "Mama, samehe tu, pesa ikishavuka bahari hairudi." Basi yangu imerudi, na nitaeleza ilivyorudi, kwa sababu ushauri niliopewa ulikuwa mbaya karibu wote.

Kibanda changu cha video kiko hapa Arua, Uganda. Mchana naonyesha filamu zilizotafsiriwa na vijei, wale wanaosimulia filamu kwa sauti yao juu ya ile ya asili, jioni na wikendi ni mpira. Projekta ya zamani ilikufa ligi ya Uingereza ikiwa mlangoni, nikaagiza nyingine kwa muuzaji wa China kupitia soko la mtandaoni. Nililipa kwa kadi ya Visa, kama laki saba na kitu. Ukijumlisha kodi na kuisafirisha kwa basi kutoka Kampala, inakaribia laki tisa. Tangazo lilisema wazi kwamba pikseli zake zenyewe, yaani vile vidoto vinavyounda picha, ni 1920 kwa 1080. Shikeni hapo kwenye "zake zenyewe". Mashine nyingi za bei rahisi zinapokea picha ya 1920 kwa 1080, halafu zinaibana kwenye kioo kidogo cha ndani. Kupokea ni jambo moja, kuonyesha ni jambo lingine.

Jumamosi ya kwanza, Arsenal inacheza, kibanda kimejaa. Mzee mmoja anayekaa benchi la mbele kabisa akageuka akaniuliza, "Mwanangu, ngapi ngapi?" Matokeo yalikuwa pale juu kwenye kona, lakini namba zilikuwa zimevimba kama wino uliomwagikiwa na maji. Wiki ya tatu likatokea doa la manjano katikati ya picha. Likaendelea kukua na kukolea mpaka likawa la kahawia, pana kama sahani ya ugali. Mpira ukipita pale unapotea. Vijana wakaanza kuhamia kibanda cha jirani, na mimi nina mtoto wa kulipia ada.

Nikafungua dai kwenye soko. Muuzaji akajibu haraka sana, kwa upole: eti umeme wa Uganda ndio umeunguza kioo. Nikageuza mashine, nikapiga picha kibandiko cha chini. Kimeandikwa volti 100 hadi 240, na umeme wetu ni volti 240. Nikamtumia picha hiyo bila neno lolote. Umeme hakuutaja tena.

Ndipo akaja na mtego ambao nataka kila mtu aujue. Aliniandikia usiku, akaniita rafiki, akasema bosi wake amekubali kunirudishia pesa yote, ila mfumo hauwezi kuituma wakati dai liko wazi. "Funga dai, kesho asubuhi unapata pesa." Shemeji yangu aliyeko Kampala, ambaye huagiza vitu kila mwezi, akasema ndivyo wanavyofanya, funga tu. Nikafunga. Kesho yake kimya. Siku ya tatu nikaandika, kimya. Siku ya tano akajibu kwamba anaweza kunipa dola 15 na niendelee kuifurahia bidhaa. Nikakimbilia soko lenyewe, nikajibiwa kwamba dai lililofungwa na mnunuzi mwenyewe halifunguliwi tena. Usiku ule sikulala. Usifunge dai kabla pesa haijaingia, hata uapiwe kwa jina la mama yake.

Fundi wa simu ng'ambo ya barabara akataka kuifungua aisafishe kioo. Nilimkatalia. Skrubu moja ikishaguswa, watasema umeiharibu wewe.

Sasa rula. Nilijua nikisema "picha si safi", muuzaji atasema macho yangu ndiyo mabaya. Nilihitaji namba. Nikasogeza projekta mpaka picha ikawa na upana wa mita 2 kamili, nimepima kwa futi ya fundi cherehani. Nikawasha skrini nyeupe tupu, nikabandika karatasi ya daftari ukutani, nikaisogelea mpaka pua ikaribie kugusa. Ukiwa karibu hivyo unaona kila pikseli peke yake, kijidirisha kidogo chenye mpaka mweusi mwembamba, kama wavu wa mbu. Binti yangu wa darasa la sita akashika rula yake, mimi nikahesabu kwa ncha ya sindano. Kama mashine ina pikseli 1920 kwa mita 2, sentimita 10 lazima ziwe na pikseli 96. Nilihesabu 40. Nikahamia kushoto, 40. Kulia, 40. Arobaini kwa sentimita 10 ni 800 kwa mita 2. Waliniuzia 800 kwa jina la 1920! Binti akapiga picha kwa simu, rula ikionekana namba zake na vidirisha vikihesabika. Hakuna anayeweza kubishana na rula ya shule.

Nikaenda benki. Kijana wa dirishani akaniambia, "Mama, ulilipa mwenyewe, huo si wizi, hatuwezi kuingilia." Nikamwambia sijasema wizi. Nimesema nimeletewa kitu kisicho kile kilichotangazwa, na taratibu za Visa zina nafasi ya kupinga malipo ya namna hiyo, kwa kawaida ndani ya siku 120. Nilikuwa nimebakiwa na siku chache, kwa hiyo sikuondoka. Nikatoa barua yangu nakala mbili, nikaomba nakala yangu igongwe muhuri na tarehe. Nikamkumbusha pia, kwa heshima, kwamba Benki Kuu ya Uganda ilitoa mwongozo wa kulinda wateja wa benki mwaka 2011, na kupokea malalamiko ya mteja ni wajibu wao. Akaingia ndani kwa mkubwa wake, akarudi na fomu.

Yule mkubwa, dada mmoja mwelewa sana, ndiye aliyeniuliza swali ambalo kesi yote ilisimama juu yake: "Ulijaribu kuirudisha mashine?" Kumbe bila hilo dai linaweza kukataliwa. Bahati nzuri, kabla ya kufunga dai nilikuwa nimemwandikia muuzaji kwamba niko tayari kuirudisha, anipe anwani. Naye alijibu nisiirudishe, usafiri ni ghali. Jibu lake hilo lilikuwa dhahabu. Nikalichapisha, pamoja na tangazo kama lilivyohifadhiwa ndani ya oda yangu (lile la dukani alikuwa ameshalibadilisha), picha za rula, doa, kibandiko, na ile ahadi yake ya "kesho asubuhi". Kuchapisha kulinigharimu elfu chache tu. Barua yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja. Ya kwanza niliyoandika ilikuwa kurasa nne za uchungu, nikaichana.

Kodi na nauli ya basi havikurudi, na dola ilipogeuzwa shilingi ilipungua kidogo. Projekta niliyo nayo sasa nimeinunua Kampala dukani, na nilihesabu pikseli zake ukutani kwa rula ileile kabla ya kutoa hata shilingi. Ile mbovu iko juu ya kabati ndani ya boksi lake, skrubu zote zimekaza, kwa sababu yule dada wa benki alisema niitunze kwa muda, muuzaji asije akageuka akaidai.