Samaki Kwenye Visima

Jumapili iliyopita mtoto wa kaka yangu, yule mhadhiri msaidizi, alikuja nyumbani na rasimu ya makala yake kuhusu visima virefu vya Mbagala na chumvi iliyomo katika maji yake. Aliniomba nimsomee orodha ya marejeleo tu, kwa kuwa anajua kwamba macho yangu mpaka leo hayawezi kuipita nukta iliyokaa mahali pasipo pake. Nilikuwa nimefika rejeleo la kumi na saba, chai ikiwa imepoa, nilipokutana na makala ya mwaka 2005 kuhusu majina ya samaki katika lahaja za pwani. Kabla sijasema neno, aliniwahi.

"Shangazi, hata mimi hiyo imenishangaza. Samaki wameingiaje kwenye visima?"

Ninajua walivyoingia. Mimi ndiye niliyewatia.

Waliowahi kupanda hadi kile chumba chetu cha ghorofa ya pili watakumbuka kwamba jarida letu la kitaaluma halikuwa na ofisi ya kujivunia. Lilikuwa na kabati la chuma, meza mbili, na mimi. Profesa alikuwa mhariri mkuu bila malipo, kama walivyo wahariri wakuu wengi wa majarida ya aina ile, na mimi nilikuwa katibu, cheo ambacho maana yake ilikuwa kupokea makala, kufuta majina ya waandishi, kuzitia katika bahasha za kaki, kuzipeleka kwa wahakiki wawili ambao hawakupaswa kujua wanamsoma nani, kisha kukaa miezi mitano nikiwapigia simu kwa upole wa mtu anayedai deni lisilo na hati. Mhakiki naye halipwi. Anayelipwa katika mnyororo wote huo ni mpiga chapa, na kwa sababu hatukuwa tukimlipa kwa wakati, toleo la Desemba lilikuwa likitoka Machi ya mwaka unaofuata, likiwa bado limeandikwa Desemba kwenye jalada. Hakuna aliyeona haya kwa jambo hilo.

Katikati ya mwaka 2006, wakati wa ule mgao wa umeme uliotufanya tusogeze meza karibu na dirisha, ilikuja barua kutoka kwenye kamati iliyokuwa ikiyapanga majarida kwa madaraja, ikitaka kila jarida litaje kipimo chake cha athari. Vijana walikuwa wameanza kukiita impakti fakta, kwa sauti ya mtu anayetaja jina la mganga wa mbali. Mimi nilidhani ni kitu kinachopimwa kwa mitambo. Profesa alicheka, akachukua kipande cha karatasi, akanionyesha kwamba ni hesabu ya darasa la tano: unachukua mwaka mmoja, tuseme 2005, unahesabu ni mara ngapi katika mwaka huo majarida yamezirejelea makala zako za 2003 na 2004, kisha unagawanya kwa idadi ya makala ulizochapa katika miaka hiyo miwili. Basi.

Alinieleza pia kwamba hesabu hiyo ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Mmarekani aitwaye Eugene Garfield wa Philadelphia, pamoja na mwenzake Irving Sher, kwa shida moja ya kawaida kabisa: walikuwa wakitengeneza faharasa kubwa ya marejeleo ya kisayansi, na walihitaji njia ya kuchagua ni majarida gani yaingizwe. Tangu 1975 takwimu hizo zikawa zinatolewa katika ripoti ya kila mwaka, na wakutubi wakazitumia kuamua wanunue jarida lipi na waache lipi. Kilikuwa kipimo cha mwenye rafu chache na fedha chache. Namna kilivyotoka kwenye rafu na kupanda juu ya vichwa vya walimu wanaoomba cheo, Profesa alisema, hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Tatizo letu la kwanza lilikuwa kwamba hatukuwamo katika faharasa hiyo, na asiyekuwamo hapewi namba hata akirejelewa na dunia nzima. Tatizo la pili lilikuwa ile miaka miwili. Katika biokemia miaka miwili ni umri mrefu. Katika lugha na historia, makala inaweza kukaa miaka sita ndipo mtu wa pili aone kwamba ilikuwa na jambo. Makala yetu bora kuliko zote ilikuwa ya mwaka 1998, wanafunzi walikuwa bado wakitoa kopi zake kwenye vibanda vya stesheneri hadi herufi zikafifia, na kwa hesabu ile ilikuwa haimo tena duniani.

Hata hivyo kamati ilitaka namba. Tuliingia maktaba na kaunta buku, tukafungua kila jarida lililokuwako kwenye rafu, tukasoma kurasa za mwisho tu, na baada ya siku nne tukapata marejeleo matano kwa makala ishirini na tatu. Sifuri nukta mbili mbili. Matatu kati ya hayo matano tulikuwa tumejirejelea wenyewe. Profesa aliandika namba hiyo bila kubadilisha sura, tukaituma, na kamati ikajibu kwamba jarida liko katika uangalizi na litaangaliwa tena mwaka unaofuata.

Hapo ndipo nilipopata akili ambayo hadi leo sijui niiite nini. Barua za kuwajulisha waandishi kwamba makala zao zimekubaliwa nilikuwa nikiziandika mimi, na mwisho wa kila barua nilianza kuongeza sentensi moja: kwamba bodi ingefurahi endapo mwandishi angezingatia makala zilizotangulia katika jarida hili, hususan hizi zifuatazo. Zilizofuata nilizichagua kwa uangalifu, zote za 2004 na 2005, kwa kuwa nyingine zisingehesabiwa. Ile ya 1998 sikuitaja hata mara moja. Kwa mwalimu mmoja wa mkoani, aliyekuwa ameandika kuhusu visima, sikupata chochote cha maji katika miaka ile miwili, isipokuwa ile ya majina ya samaki, na samaki, nilijiambia, huishi majini.

Prufu za mwisho, zile kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, Profesa alikuwa akiniachia mimi. Alisema anayaamini macho yangu.

Ilipofika Juni 2007 tulirudi maktaba na kaunta buku ileile, na hii ndiyo alasiri ninayoikumbuka kuliko mwaka wote ule. Umeme ulikuwepo. Feni ilikuwa ikizunguka juu yetu na kila ilipokuja upande wetu ilinyanyua ukurasa, kwa hiyo Profesa alikuwa ameweka miwani yake ya akiba juu ya karatasi upande wa kushoto na funguo za gari upande wa kulia. Mimi nilisoma, yeye alichora vijiti: vinne vikisimama, cha tano kikilala juu yake. Mwaka uliotangulia tulikuwa na fungu moja tu. Safari hii, tulipomaliza majarida ya wengine, vilikuwa vijiti vinne, na nilimwona akinyoosha mgongo, kwa sababu vinne kutoka kwa watu wa nje lilikuwa jambo jipya kwetu. Kisha nikafungua matoleo yetu wenyewe ya 2006. Vijiti vikaanza kuongezeka. Fungu la pili likajaa. Profesa akaanza kusema "naam" kwa kila kijiti, taratibu, kama mtu anayepokea mahari, na mimi sauti yangu ikawa inapungua kadiri yake inavyopanda, kwa sababu nilijua ukurasa unaofuata ni upi.

Nilipolisoma rejeleo la kumi na tatu, penseli haikushuka.

"Rudia."

Nikarudia. Majina ya samaki katika lahaja za pwani, toleo la kwanza, 2005.

"Na tunasoma makala ya nani?"

Nikamwambia. Akavuta jarida kutoka mikononi mwangu, akafungua nyuma kurasa kumi na kitu, akiitafuta sentensi yenyewe, na alipoipata akaisoma kwa sauti ya chini, sauti ya kawaida kabisa: kwamba maji yana nafasi ya pekee katika maisha ya watu wa pwani, tazama makala ya samaki. Akaisoma tena kimoyomoyo. Niliona midomo ikitembea. Feni ikapita, ukurasa ukanyanyuka, akaubana kwa kiganja. Nikaona ni afadhali nitoe mwenyewe. Katika faili nililokuwa nalo mapajani kulikuwa na jibu la mwalimu yule wa visima, limeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya mistari, na nilimpa. Alikuwa ameandika kwamba ameisoma makala aliyoelekezwa, na ingawa hakuona inahusiana vipi na visima, ameiweka, maana mgeni hukaa pale alipokaribishwa.

Profesa aliikunja karatasi ile kwa mikunjo iliyokuwa nayo, akanirudishia.

"Bi. Katibu," alisema, "hii ni lumbesa."

Sina haja ya kumweleza mtu aliyewahi kwenda Kariakoo lumbesa ni nini: gunia lililojazwa mpaka likaota kichwa na kushonwa kwa kamba juu ya kile kichwa, ili likiuzwa liitwe gunia moja. Ila nilishangaa, na bado nashangaa, kwamba baada ya kusema hivyo alichora kile kijiti cha kumi na tatu. Alikichora kifupi kuliko vingine. Marejeleo kumi na tatu kwa makala ishirini, maana mwaka 2005 tulikuwa tumechapa chache: sifuri nukta sita tano. Chini yake akaandika hesabu ya pili, vile vinne vya nje peke yake: sifuri nukta mbili. Tulikuwa tumezunguka mwaka mzima na kurudi palepale. Akanituma nikanunue vitumbua, na niliporudi bahasha ya kamati ilikuwa imekwisha kufungwa kwa gundi na kuwekwa juu ya kabati. Ni namba ipi aliyoiandika ndani, sikumuuliza. Jarida lilipandishwa daraja mwezi Septemba, lakini yalipandishwa majarida mengi mwaka ule, mengine hata hayakuwa na mtu wa kuhesabu.

Sentensi yangu niliiondoa katika barua. Hakuniamuru, ila kuanzia toleo lililofuata prufu za mwisho alizisoma yeye, kwa miwani miwili.

Miaka kadhaa baadaye, nilipokuwa nimekwisha kuhama, nilisoma habari iliyonifariji kwa namna isiyofaa. Kuna jarida la elimu ya fuwele, Acta Crystallographica sehemu ya A, ambalo kipimo chake kilikuwa 2.051, na katika hesabu ya mwaka 2009 kikaruka hadi 49.926. Hakuna aliyechezea mizani. Mtu mmoja, George Sheldrick, alikuwa amechapa humo mwaka 2008 makala ya kueleza historia ya programu zake za kompyuta ambazo wenzake wengi huzitumia, na humo alipendekeza kwamba anayezitumia airejelee makala hiyo. Makala moja ilinyanyua jarida zima, pamoja na waandishi jirani ambao hawakuwa wamefanya lolote zaidi ya kukaa karibu. Nilitamani kumpelekea Profesa habari ile, niseme, unaona, hata lumbesa ya halali ipo. Lakini nilijua angenijibu nini kuhusu neno "halali", na kwa kweli tofauti kati yetu na wao ilikuwa kwamba kwao kila rejeleo lilikuwa na sababu.

Leo wenye ripoti ile ya kila mwaka huliondoa kwa muda jarida lililojirejelea kupita kiasi, na tangu Azimio la San Francisco la mwaka 2012 kuna vyuo na wafadhili waliotia saini kwamba hawatampima mtu kwa namba ya jarida alimochapa. Nilimsimulia kijana haya yote, ya azimio na ya feni na ya vitumbua. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba fomu ya kupanda cheo aliyopewa mwezi uliopita bado ina safu ya kujaza kipimo hicho, na safu hiyo haina nafasi ya maelezo.

Nikamwambia basi, angalau hii ya samaki aifute.

Akasita. Makala yake, alisema, imekwisha kurudishwa mara moja, na mhakiki wa pili ndiye aliyeandika kwamba orodha haina vya kutosha kutoka majarida ya nyumbani. Ndipo akaitafuta ile makala ya visima ya 2006, ambayo siku hizi inapatikana mtandaoni, akaikuta nzuri, akachota humo marejeleo matano kwa mkupuo. Akiyaondoa, atalazimika kuanza kutafuta upya, na tarehe ya mwisho ni Ijumaa.

"Lakini umeisoma, hiyo ya samaki?"

"Bado, shangazi. Inafaa?"

Niliifikiria, labda kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule kama makala na wala si kama kijiti: namna mwandishi alivyokaa na wavuvi kijiji hadi kijiji, akifuatilia kwa nini samaki huyohuyo akiitwa tasi huku kwetu, Mombasa anaitwa tafi.

"Ni nzuri sana," nilimwambia.